Ndondo ya kata Tanga mjini: kutoka kibali cha uwanja hadi filimbi ya fainali

Mashindano ya mchangani hayavunjiki kwa kukosa wachezaji. Kuanzia Makorora hadi Duga, kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, kila mtaa una timu na kila timu ina benchi lililojaa. Yanayovunja mashindano ni matatu: uwanja uliochukuliwa kwa maneno matupu, mamluki (wachezaji wa kukodiwa), na giza. Mwongozo huu ni wa kamati inayotaka kuendesha ndondo ya timu 16 na kuifikisha mwisho. Kamati ndogo inaweza kupunguza hesabu, lakini mpangilio wa kazi uwe uleule.

Mwenye uwanja ni nani?

Anza hapa, kabla ya kumwomba mtu yeyote mbuzi au jezi. Mkwakwani ni uwanja wa CCM, na ndio nyumbani kwa klabu ya Coastal Union. Kwa ndondo ya kata uwanja huo ni wa kufikiriwa kwenye fainali tu, tena mkiwa na uhakika kwamba siku hiyo hakuna mechi ya ligi. Viwanja vya wazi kama Tangamano hutumika kwa mikutano na shughuli nyingine za umma, hivyo ratiba yenu inaweza kusukumwa wakati wowote. Uwanja wa shule ndio unaofaa zaidi kwa hatua ya makundi. Una uzio au mpaka unaojulikana, mara nyingi una magoli, na mwenye kuamua ni mmoja, yaani mkuu wa shule akishauriana na kamati au bodi yake. Tatizo la shule ni UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari: maandalizi yakianza, wanafunzi wanauhitaji uwanja wao jioni. Uliza tarehe hizo mapema.

Kiwanja cha mtaa kisicho na hati ndicho chenye ugomvi mwingi. Watu wamekizoea kwa miaka, kisha siku ya robo fainali anatokea mtu na lori la mchanga wa kujengea. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uliza eneo limepangwa kuwa nini, na upate jibu la maandishi.

Barua ya kuomba uwanja iwe na mambo haya: tarehe ya kuanza na kumaliza, siku za wiki, saa za kuingia na kutoka, makadirio ya watazamaji, nani atafagia, na nani atalipa kikivunjika kitu. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachompa mwalimu mkuu moyo wa kusaini. Ukishapata ridhaa ya mwenye uwanja, ndipo upeleke barua kwa mtendaji wa kata, polisi, afisa michezo wa jiji na chama cha soka cha wilaya. Usigeuze mpangilio huo. Polisi swali lao la kwanza litakuwa "wapi?", na bila karatasi ya mwenye uwanja mtarudishwa mlikotoka.

Chama cha soka msikiruke. Waamuzi wenye beji hawatakiwi kuchezesha mashindano yasiyotambuliwa, na mwamuzi asiye na beji ndiye huyo atakayelaumiwa kwa kila penalti. Timu yenyewe haihitaji kusajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo ili icheze ndondo ya mtaani. Ila ikitaka kupanda ligi ya wilaya na baadaye ya mkoa, basi iwe na katiba, viongozi waliochaguliwa na muhtasari wa kikao. Usajili wa vilabu unatokana na Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na mlango wake wa kuanzia ni ofisi ya afisa michezo hapohapo.

Msimu na saa

Masika ya Tanga huanza Machi na hupamba moto Aprili na Mei. Kiwanja kisicho na mwinuko hufanya dimbwi katikati, na mechi moja tu juu ya tope huacha mashimo yatakayokauka na kuwa magumu kama matofali. Juni hadi Septemba ndio wakati mzuri. Januari na Februari panachezeka, lakini joto ni kali, kwa hiyo wekeni mapumziko ya maji kila kipindi. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inataka moyo, na pia siku za akiba kwenye ratiba.

Sasa giza. Jua la Tanga huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi. Februari huchelewa, Mei na Novemba huwahi. Upande wa pili kuna swala ya alasiri, ambayo katika mji huu huwezi kuipuuza, kwa kuwa mechi iliyopangwa saa 10:00 kamili itaanza 10:20 hata mkiandika nini kwenye ratiba. Andikeni 10:15 na msimamie hapo.

Pigeni hesabu. Mechi kamili ya dakika 45 kila kipindi, mapumziko 15 na dakika 5 au 6 za nyongeza inamalizika saa 12:05 na zaidi. Mkienda matuta (mikwaju ya penalti), Novemba mpigaji wa tano haoni mpira. Kwa hiyo chezeni dakika 40 kila kipindi na mapumziko ya dakika 10. Mechi itaisha karibu saa 11:50, na matuta, hata yakichukua robo saa, yatakwisha mwanga ungalipo. Fainali pekee ndiyo ipewe dakika 90, nayo ianze saa 9:30 kwa makubaliano ya wote. Ramadhani ikiangukia katikati ya ratiba, simamisheni. Anayelazimisha mechi ya alasiri kwa vijana waliofunga anatafuta wa kuzimia.

Kupima na kuchora

Kwanza elekeza magoli kaskazini na kusini. Goli likitazama magharibi, kipa wa upande huo atakuwa na jua machoni kuanzia saa 11 hadi mwisho, na malalamiko yake yatakuwa ya haki. Kaskazini na kusini kuna kero yake: upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, utavuma kwa urefu wa uwanja. Hiyo ni sawa, timu zinabadilishana goli kipindi cha pili.

Kwa watu wazima sheria inaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Mkiwa na nafasi, chukueni 100 kwa 64. Vifaa: tepu ya mita 50 au 100, vigingi 20, nyundo, uzi wa nailoni wa mita 110, na watu wanne. Kamba ya katani, ingawa Tanga ndio kwao, isitumike kupimia. Ikilowa umande hunywea na kufupika, ikikauka hulegea, na kwenye mita 100 tofauti yake itaonekana kwa macho.

Piga kigingi cha kona ya kwanza. Vuta mita 100 kwa mstari wa pembeni, piga kigingi cha pili. Rudi kona ya kwanza utafute pembe mraba: pima mita 12 juu ya mstari wa pembeni na uweke alama, kisha mita 9 kuelekea upande wa goli, na sogeza ncha hiyo ya pili mpaka umbali kati ya alama mbili uwe mita 15 kamili. Hapo pembe imekaa. Endelea na mwelekeo huo hadi mita 64 na upige kigingi cha tatu. Fanya hivyo pia upande wa pili upate cha nne.

Usichore chochote kabla ya kupima mishazari, yaani kutoka kona hadi kona inayoikabili. Kwa 100 kwa 64, kila mshazari uwe mita 118.73. Ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 20, uwanja umepinda. Mara nyingi kosa liko kwenye kona ya mwisho, ambako mtu amevuta tepu juu ya kichuguu au jiwe. Kiwanja kidogo cha 90 kwa 55 kina mshazari wa mita 105.48.

Vipimo vya ndani vyote vianzie katikati ya mstari wa goli, yaani mita 32 kutoka kona. Kutoka hapo, kila upande:

- mlingoti: mita 3.66, kipimo cha ukingo wa ndani
- boksi dogo: mita 9.16, kisha ingia uwanjani mita 5.5
- kumi na nane (boksi kubwa la penalti): mita 20.16, kisha ingia uwanjani mita 16.5

Kukagua haraka: kutoka kona hadi mstari wa kumi na nane ni mita 11.84. Nukta ya penalti iko mita 11 kutoka katikati ya goli. Tao la nje ya kumi na nane huchorwa kwa uzi wa mita 9.15 uliofungwa kwenye nukta ya penalti, si kwenye mstari wa kumi na nane. Hapo ndipo wengi hukosea na kupata tao nene kama tumbo. Ukichora sawasawa, tao litakutana na mstari wa kumi na nane mita 7.31 kila upande wa katikati. Duara la kati nalo huchorwa kwa uzi wa mita 9.15, na robo duara ya kona kwa uzi wa mita 1. Mistari isizidi upana wa sentimita 12, yote iwe na upana mmoja, na ukumbuke kwamba mstari ni sehemu ya eneo linalozungukwa nao.

Uwanja wa 100 kwa 64 una mistari yenye urefu wa karibu mita 700. Kwa upana wa sentimita 10 hiyo ni kama mita za mraba 70, na ukimwaga chokaa kwa mkono kupitia kopo lililotobolewa andaa mifuko miwili hadi mitatu ya kilo 25. Chokaa si shida katika mji uliokalia mawe ya chokaa, shida ni aina yake. Nunua iliyokwisha kuzimwa, laini. Chokaa hai, ile inayochemka ikiguswa na maji, huunguza ngozi na macho. Mchezaji akiteleza juu yake na jasho mwilini, mtampeleka hospitali ya Bombo. Hata iliyozimwa, mchoraji avae glavu na miwani, achore asubuhi kabla upepo haujachangamka. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kusugua, kisha hospitali.

Wapo wanaochora kwa oili chafu ili mstari udumu. Unadumu kweli, na ukoka unakufa, na msimu ujao mna mtaro wa vumbi mahali pa mstari. Oili hiyo kazi yake ni moja tu hapa: kupaka sehemu ya mlingoti inayozikwa ardhini, mchwa wasiile.

Magoli

Mivinje inanyooka na inapatikana pwani. Mlingoti ukatwe mita 3.3: mita 2.44 juu ya ardhi na zaidi ya sentimita 80 chini, ushindiliwe kwa mawe na udongo mkavu kwa tabaka. Mtambaapanya uwe mti mmoja wa mita 7.6, ukiunga miti miwili katikati, utabonyea baada ya wiki, na kipa atakuwa na goli la mita 2.3. Miti yote mitatu iwe na unene uleule, usiozidi sentimita 12. Mikoko msiiguse, kuikata bila kibali ni kosa.

Nyavu kuukuu za wavuvi wa Deep Sea au Sahare zinafaa, mradi matundu yasizidi ukubwa wa mpira na zisifungwe kwa misumari iliyotokeza. Tumia kamba ndogo kila sentimita 30. Vuteni wavu nyuma kwa vigingi viwili vilivyo umbali wa mita 1.5 hadi 2 kutoka kwenye mstari, vinginevyo mpira utagonga wavu na kurudi uwanjani haraka hadi mwamuzi ashindwe kujua.

Magoli ya chuma yanayohamishika ni hatari kuliko yanavyoonekana. Likiangukia mtoto anayening'inia linaua. Yafungwe kwa vigingi vya chuma au mifuko ya mchanga kwenye boriti ya nyuma, kila siku, hata siku isiyo na mechi.

Kamba ya watazamaji ikae mita 3 kutoka mstari wa pembeni. Nyuma ya magoli pasiwe na watu wala bodaboda. Hapo ndipo wanapokaa wale wanaovuta wavu na kumrushia kipa maneno, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Netiboli ipewe kona yake. Uwanja wake ni mita 30.5 kwa 15.25, umegawanywa sehemu tatu sawa, nusu duara ya kufungia ina nusu kipenyo cha mita 4.9, na nguzo ina kimo cha mita 3.05. Wachezaji ni saba, robo nne za dakika 15. Mechi ya netiboli ikianza saa 9:00 inakwisha kabla ya soka na inakuwa imeshaleta watu uwanjani. Kamati nyingi huiweka mwishoni kama kiburudisho, na matokeo yake wasichana wanacheza gizani.

Ratiba

Timu 16, makundi manne ya timu nne: kila kundi mechi 6, jumla 24. Robo fainali 4, nusu 2, mshindi wa tatu 1, fainali 1. Mechi 32. Kwa mechi moja kwa siku, siku nne kwa wiki, ni wiki nane, na hakuna hamasa inayodumu wiki nane. Tumieni viwanja viwili katika hatua ya makundi: siku 12 za mechi mbili mbili, kisha mhamie kiwanja kimoja. Mnamaliza kwa wiki tano, na juu yake siku mbili za akiba kwa mvua.

Faida ya pili ya viwanja viwili ni kubwa zaidi. Mechi mbili za mwisho za kila kundi lazima zichezwe siku ileile, saa ileile. Zikitenganishwa, timu zinazocheza baadaye zinajua matokeo yanayozifaa zote mbili, na mtaona sare ya ajabu ambayo hakuna aliyekimbia.

Andikeni mapema nani anapita pointi zikilingana: matokeo baina yao, tofauti ya magoli, magoli ya kufunga, kadi chache, kisha kura. Mkiandika baada ya mechi ya kwanza, kila mmoja ataamini imeandikwa dhidi yake. Siku Coastal ikiwa nyumbani Mkwakwani, msipange kitu. Timu iliyochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988 bado inaondoka na watazamaji wa mji mzima, na mashabiki wa African Sports, wapinzani wao wa hapahapa mjini, nao wataenda, japo kuizomea.

Mamluki

Hapa ndipo ndondo nyingi zinapofia, kwa hiyo tukae kidogo. Mamluki si lazima awe mtu mbaya. Ni kijana wa kikosi cha ligi, au wa kata nyingine, aliyepewa nauli na jezi ili aamue mechi moja. Kumkataza kabisa mchezaji wa ligi hakusaidii, maana wengine ni watoto wa mtaa huohuo na watu wanataka kuwaona. Njia inayofanya kazi ni kuweka kikomo na kufunga dirisha.

Kila timu isajili wachezaji 20 hadi 25, wasiozidi wawili wakiwa wanaotoka timu za ligi ya mkoa kwenda juu. Dirisha lifungwe siku tatu kabla ya mechi ya kwanza na lisifunguliwe tena, hata kwa aliyevunjika mguu. Mkilifungua mara moja kwa huruma, mmelifungua kwa wote. Kila mchezaji alete picha mbili ndogo, namba ya NIDA au cheti cha kuzaliwa, na uthibitisho wa ukazi kutoka serikali ya mtaa. Picha moja ibandikwe kwenye leseni ya mchezaji, ya pili kwenye daftari la kamati. Mhuri upite nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi, ili picha ikibanduliwa ionekane.

Siku ya mechi, kamisaa (msimamizi wa mechi) akague dakika 30 kabla. Asisome majina kwa sauti akisubiri "nipo". Amwite mchezaji mmojammoja, aishike leseni yeye mwenyewe, amuulize jina la baba na namba ya jezi. Anayejibu baada ya kumtazama kocha wake, mweke pembeni. Ukaguzi wa watu 36 wa timu mbili huchukua dakika 20, hivyo timu iliyofika saa 10:10 itakaguliwa ikiwa imechelewa, na kanuni ya dakika 15 za kusubiri isimamiwe: zikipita, mpinzani anapewa pointi tatu na magoli mawili au matatu, kama mlivyoandika.

Rufaa iwe ya maandishi, ndani ya saa 24, na iambatane na ada inayorudishwa ikishinda. Bila ada, kila aliyefungwa atakata. Kamati ya rufaa iwe ya watu watatu wasio na timu kwenye mashindano, na itoe uamuzi kabla ya mechi inayofuata ya timu husika.

Waamuzi na siku ya mechi

Waombeni waamuzi kupitia chama chao, wanne kwa mechi: wa kati, vibendera wawili na wa akiba. Walipwe kabla ya filimbi ya kwanza, mbele ya kamisaa, na wasaini. Mwamuzi anayesubiri posho kutoka kiingilio cha mlangoni anachezesha huku akihesabu watu. Msimpange mwamuzi anayeishi kwenye kata ya timu mojawapo, hata kama ni mwadilifu.

Mipira iwe mitatu, namba 5, yenye mzunguko wa sentimita 68 hadi 70. Pampu ya kujazia upepo iwe na sindano ya akiba, maana sindano ndiyo inayokatika. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bandeji pana, pamba, glavu, dawa ya kusafishia vidonda, na barafu kwenye ndoo yenye mfuniko. Barafu ifungwe kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, isigusane na ngozi. Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, hata kwa sekunde chache, harudi uwanjani siku hiyo. Bajaji moja ilipwe isubiri hadi mwisho, nayo iegeshwe ikiangalia njia ya kutokea. Aliyevunjika mguu hapandishwi bodaboda. Radi zikianza, wote watoke, na msirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Fedha zishikwe na mtu mmoja, ziandikwe na mwingine. Zawadi zinunuliwe na kuoneshwa kabla ya robo fainali. Mbuzi afugwe mahali panapojulikana, kombe liwekwe ofisi ya kata. Ahadi ya mgeni rasmi ambayo haijafika mkononi isitangazwe kwenye kipaza sauti.

Baada ya fainali zibeni mashimo ya milingoti siku ileile, kusanyeni chupa na vigingi, na jazeni udongo laini mbele ya magoli ambako ukoka umeisha. Kabla ya mvua zinazofuata, pandikizeni ukoka hapo kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, na kiwanja kipumzike wiki sita. Kisha mpelekeeni mwenye uwanja, mtendaji wa kata na chama cha soka nakala ya matokeo, mapato na matumizi, pamoja na barua ya kuomba tarehe za mwakani.